Chura aliyepoteza sauti, picha tano na kifungu kimoja kibaya

"Shikamoo mwalimu. Mchana mimi ni mhasibu, usiku nachora. Nimeona tangazo la shindano la kimataifa la vielelezo vya vitabu vya picha vya watoto. Wanataka picha tano za hadithi moja ambayo haijachapishwa, na zimebaki wiki sita. Nina hadithi ya chura aliyeamka asubuhi akakuta hana sauti. Nimeitoa kwenye ngano aliyokuwa akitusimulia bibi, nikaigeuza kiasi. Nimeshachora picha kumi na mbili kwa rangi za maji, nimekuambatanishia zote. Je, nichague zile tano nzuri kuliko zote au nichore upya? Rafiki yangu mmoja anasema nizidishe rangi kali kwa sababu watoto wanapenda vinavyong'aa. Mwingine anasema bila kompyuta nisijisumbue. Na mimi sijasomea sanaa popote. Halafu kuna kifungu kinaninyima usingizi: 'Kazi zote zitakazowasilishwa zitakuwa mali ya waandaaji, ambao watakuwa na haki ya kuzitumia kwa namna yoyote bila malipo.' Nikituma, si wataniibia chura wangu?"

Marahaba, ndugu yangu. Kabla sijaisoma barua yako hadi mwisho nilizitandaza picha zako zote mezani, nikazitazama kimya, kwa sababu ndivyo majaji watakavyokutana nazo: wewe hupo pembeni kueleza. Kisha nikarudi kwenye maswali. Umeuliza mengi, ila chini yake nasikia hofu mbili. Ya kwanza, kwamba kazi yako haifai kushindana. Ya pili, kwamba inafaa mno kiasi cha kuibwa. Hofu hizi zinapingana waziwazi, lakini kila mchoraji ninayemfahamu, nami nikiwemo, anaishi nazo zote mbili.

Nianze na picha. Kifungu nitakirudia, maana kinahitaji nafasi yake.

Kuhusu kuchagua "tano nzuri kuliko zote": usifanye hivyo. Hapo ndipo wanapoangukia watu wenye mikono mizuri kuliko wangu na wako. Shindano la vielelezo halipimi picha moja moja kama zile za kutundika ukutani. Linauliza kama picha hizi, zikikaa pamoja, zinaweza kubeba kitabu. Chukua Maonyesho ya Wachoraji ya Bologna, Italia, yaliyoanza mwaka 1967 ndani ya maonyesho makubwa ya vitabu vya watoto ya mji huo. Mchoraji hupeleka picha tano. Wanaojitokeza ni maelfu kutoka kila pembe ya dunia, na wanaochaguliwa hawafiki mia moja. Sasa wewe mhasibu piga hesabu: mafungu 3,000 ya picha tano tano, kila fungu likipewa nusu dakika tu, ni saa 25 za kutazama mfululizo. Katika nusu dakika hiyo hakuna jaji anayepima ustadi wa brashi. Anachokiona ni kama picha hizi tano ni za mtu mmoja, za ulimwengu mmoja, na kama kuna kinachotokea kati ya ya kwanza na ya mwisho. Fungu likipita hapo ndipo linapowekwa kando litazamwe kwa makini.

Mara ya kwanza nilipoingia shindano mimi mwenyewe nilichukua picha tano nilizozipenda zaidi katika kazi za miaka minne. Kila moja ilikuwa nzuri. Zikikaa pamoja zilionekana kama abiria watano wanaosubiri basi, kila mmoja na safari yake. Sikupata hata barua ya pole.

Sasa chura wako. Una mkono, hilo nalisema bila kukubembeleza. Yale maji ya picha ya nne, ulivyoacha weupe wa karatasi wenyewe uwe mng'ao, hayafundishiki kwa urahisi. Tatizo liko kwingine. Kati ya picha kumi na mbili, tisa zinamwonyesha chura katikati ya ukurasa, kwa ukubwa uleule, akitukodolea macho kana kwamba anapigwa picha ya kitambulisho. Mandhari inabadilika nyuma yake, yeye habadiliki. Mtoto akifungua kurasa hizo moja baada ya nyingine hasikii kwamba chura amesafiri. Anaona mapazia yakibadilishwa. Picha ya saba ndiyo pekee uliyothubutu kumchora kwa mgongo, mdogo, chini ya jani kubwa, mvua ikinyesha. Hapo nilisimama. Hapo ndipo chura alipoteza sauti kweli, ingawa kinywa chake hakionekani kabisa.

Linganisha na picha ya pili. Maneno yako yanasema: "Chura alifungua kinywa, sauti haikutoka." Picha inamwonyesha chura amefungua kinywa. Msomaji ameambiwa jambo lilelile mara mbili, na mara zote mbili hajasikia ukimya. Hapa ndipo penye utaratibu mzima wa kitabu cha picha, kwa hiyo nivumilie kidogo. Maneno na picha katika kitabu cha namna hii hugawana kazi. Maneno yakisema jambo, picha iwe huru kusema lingine: lile ambalo msimulizi halijui, au analificha, au linaloendelea pembeni. Mtoto asiyejua kusoma hasomi maneno, anasomewa. Lakini macho yake yako huru kwenye picha muda wote mtu mzima anapotamka. Anayepata siri iliyomo kwenye picha ni yeye, si yule anayemsomea. Ndiyo maana anadai kitabu kilekile kila usiku.

Basi ukimya unauchoraje? Mimi ningeweka kereng'ende. Chura amefungua kinywa hadi mishipa ya shingo imemtoka, mashavu yamevimba, na kereng'ende amelala juu ya pua yake, mabawa yametulia. Kama kungekuwa na sauti, mdudu angesharuka. Huhitaji kuandika neno lolote kumhusu. Mrudishe kwenye kila picha, mahali tofauti, mara kwenye unyasi, mara kwenye mgongo wa kunguru, na siku sauti inaporudi tumwone juu kabisa, pembeni mwa ukurasa, anatimua mbio. Si lazima awe kereng'ende, hilo ni wazo langu na kitabu ni chako. Ila tafuta kitu cha aina hiyo, kinachosema kile ambacho maneno hayasemi.

Jambo la pili ni kufungua ukurasa. Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, na idadi hiyo haikutoka mbinguni: karatasi kubwa ya kiwandani ikichapwa kurasa nane upande huu na nane upande ule, kisha ikakunjwa, hutoa kurasa 16, mikunjo miwili ni 32. Ukiondoa ukurasa wa jina la kitabu, wa hakimiliki na mengineyo, unabaki na jozi kama kumi na mbili hadi kumi na nne za kurasa zinazotazamana. Kila jozi inaishia kwenye mkono wa mtoto unaotaka kugeuza. Mchoraji mzuri huweka swali upande ambao mkono unaelekea, na jibu nyuma yake. Mguu wa mtu unaotoka nje ya ukurasa. Kivuli kisicho na mwenyewe. Katika picha zako sioni swali hata moja. Kila moja imejifunga yenyewe kama kadi ya salamu.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni: usichague, na usichore upya zote. Kwanza chora kitabu kizima kwa vijimraba vidogo vya ukubwa wa stempu, penseli tu, jozi zote kumi na mbili au kumi na nne kwenye karatasi moja. Hapo utaona mara moja pale unaporudia umbali uleule. Sogea karibu hadi jicho lijaze ukurasa, rudi nyuma hadi chura awe nukta. Ukishapata mwendo, chagua tano kutoka humo. Mimi ningetaka moja ya mwanzo inayotufahamisha chura na mahali pake, moja yenye watu wengi, yaani wanyama wengi, kwa sababu majaji hupenda kujua kama unaweza kuchora zaidi ya mhusika mmoja, moja ya utulivu kama ile ya saba, na mbili zinazofuatana kabisa, ukurasa baada ya ukurasa, ili waone unavyogeuza. Ya saba ibaki karibu ilivyo. Ya nne inafaa ukimsogeza chura. Tatu utachora upya. Wiki sita zinatosha picha tatu. Hazitoshi kumi na mbili.

Picha ya tisa nayo ina kasoro ya kiufundi: umechora kurasa mbili zinazotazamana na jicho la chura limeangukia katikati kabisa. Kitabu kikishonwa au kugundishwa, pale katikati panamezwa. Naijua aibu hiyo. Katika kitabu changu cha kwanza pua ya mhusika mkuu iliingia kwenye mkunjo, na nilipokuwa nawasomea watoto darasani mmoja aliinua mkono akauliza, "Mbona huyu dada hana pua?" Nilikuwa sina jibu. Uso, mkono unaoshika kitu, chochote chenye maana, kikae mbali na mkunjo. Na kingo za nje ziache na ziada ya milimita 3 ya rangi inayopita mpaka, maana kisu cha kiwandani hakikati mahali palepale kila mara.

Rafiki yako wa rangi kali ana chembe ya ukweli, lakini ameibeba vibaya. Mtoto mchanga wa wiki chache huona vizuri zaidi vitu vyenye tofauti kubwa ya mwanga na giza, ndiyo maana vitabu vya vichanga huwa vyeusi na vyeupe au vya rangi chache nzito. Kitabu chako ni cha mtoto wa miaka minne hadi sita. Huyo anaona kila unachoona wewe, pengine zaidi. Rangi ikipiga kelele kila ukurasa, hakuna ukurasa unaosikika. Na katika hadithi ya sauti iliyopotea una nafasi ambayo wengi hawana: acha rangi zipungue pale sauti inapopotea, kijani kiwe cha vumbi, maji yawe ya kijivu, kisha zirudi pole pole. Hapo rangi inasimulia, badala ya kuwa pambo.

Kuna sababu ya pili ya kuogopa mng'ao, nayo ni ya kiwandani. Kioo cha simu au kompyuta huonyesha rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu, mfumo unaoitwa RGB. Kitabu huchapwa kwa wino wa aina nne, yaani samawati, waridi kali, njano na nyeusi: CMYK. Wino hauwezi kutoa kila kinachotolewa na mwanga. Kijani cha kung'aa, buluu ya umeme na rangi ya chungwa kali ndizo zinazofifia zaidi zikifika kwenye karatasi. Jaji aliyefanya kazi na wachapaji anaiona kasoro hiyo kabla hujachapwa.

Kwa wewe unayetumia rangi za maji hatari iko upande mwingine: rangi nyepesi sana, zile unazozipenda kwenye mawingu, skana huzifuta. Zipake nzito kidogo kuliko moyo unavyotaka. Usipige picha kwa simu ukatuma. Mwanga hauwi sawa na pembe zinapinda. Peleka kwenye skana nzuri, angalau nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa halisi. Picha ya A4 itakuwa na pikseli 2480 kwa 3508. Ukiona namba ndogo zaidi ya hizo, kuna mtu ameibana. Hifadhi nakala mama ya TIFF, aina ya faili isiyopoteza ubora, na JPEG, ile iliyobanwa iwe ndogo, iwe ya kutuma tu, maana kila unapoifungua JPEG, ukaibadilisha na kuihifadhi upya, inapoteza kitu. Na karatasi yako, kwa jinsi ilivyojikunja, ni nyembamba. Ya gramu 300 kwa mita ya mraba haitakusumbua hivyo.

Jambo dogo ambalo wachoraji wapya hawaambiwi: usichore maneno ndani ya picha, kama ulivyofanya kwenye ile alama ya njiani ya picha ya sita. Vitabu vya picha mara nyingi huchapwa kwa lugha kadhaa kwa mkupuo mmoja. Kiwanda hubadilisha bamba la wino mweusi tu, lenye maandishi, na rangi nyingine zinabaki zilezile. Neno lililopakwa kwa rangi ndani ya mchoro linaharibu mpango huo. Kinachotakiwa ni kuacha sehemu tulivu, anga au maji, ambako maandishi yanaweza kukaa. Hata shindano lisipotaka maandishi, jaji aliye mhariri ataitafuta sehemu hiyo kwa macho.

Kompyuta? Si lazima. Mashindano mengi hupokea mbinu yoyote, na anayechora kwa kioo hana alama za ziada juu ya anayechora kwa brashi. Soma tu wanavyosema kuhusu picha zinazotengenezwa na akili mnemba. Wengi sasa wanazikataa, na mshindi anaweza kuombwa aonyeshe michoro ya awali. Usitupe karatasi zako za penseli.

Shule nayo nitaipitia haraka. Fomu ya kujiunga haitakuuliza cheti. Anachopata aliyesoma sanaa, zaidi ya yote, ni watu wa kumwambia ukweli kila wiki, na hilo unaweza kulitafuta: shona nakala ya mfano ya kitabu chako kwa karatasi za kawaida, umsomee mtoto wa umri ule asiye wako. Usimuulize kama amependa, atasema ndiyo. Tazama macho yake yanakwenda wapi, na anageuza ukurasa lini.

Sasa kile kifungu.

Unaogopa wataiba chura. Tutenganishe mambo. Wazo, kwamba kuna chura na sauti yake imepotea, halilindwi na hakimiliki popote. Mtu mwingine anaweza kulitunga kesho bila kukujua. Kinacholindwa ni namna ulivyolitoa: michoro yako na sentensi zako. Ulinzi huo unazaliwa pale unapochora. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi za dunia zimeuridhia, unasema wazi kwamba hakimiliki haitegemei usajili wala muhuri, na inadumu angalau maisha yako na miaka 50 baada yake. Mkataba huohuo unakupa haki nyingine, ya kutajwa kuwa mwenye kazi na kupinga isiharibiwe kwa namna ya kukuvunjia heshima, na hiyo inabaki yako hata ukiuza haki za kibiashara.

Kuhusu ngano ya bibi: ngano ya jadi haina mtunzi mmoja anayeimiliki, kwa hiyo unaweza kuisimulia upya. Ila kama uliisoma pia mahali, usifuate maneno ya kitabu kile, kwani usimulizi ule una mwenyewe. Baadhi ya nchi zina sheria zinazolinda ngano za jadi na hudai kibali kwa matumizi ya biashara, kwa hiyo waulize ofisi ya hakimiliki ya nchi yako. Na bibi mtaje kwenye kitabu. Sheria haikulazimishi, mimi nakulazimisha.

Kwa hiyo wizi, kwa maana ya mtu kuchukua bila ruhusa, si hatari yako kubwa. Hatari ni kwamba ruhusa utaitoa mwenyewe kwa kubonyeza "nakubali". Kisome kifungu chako tena, neno kwa neno. "Kazi zote zitakazowasilishwa", si za washindi tu. Yaani watu elfu mbili wakishindwa, waandaaji wanabaki na picha elfu kumi. "Zitakuwa mali ya waandaaji": mali gani, karatasi au hakimiliki? Hawakusema, na kisichosemwa atakitafsiri mwenye nguvu. "Kwa namna yoyote bila malipo": kalenda, fulana, kitabu kizima, tangazo la biashara. Hakuna muda, hakuna mahali, hakuna jina lako.

Kifungu cha kawaida hakiko hivyo. Shindano la heshima huomba leseni, yaani ruhusa ya kutumia huku haki zikibaki kwako, na huifunga: picha zilizochaguliwa zitaonyeshwa kwenye maonyesho, zitachapwa kwenye katalogi, zitatumika kulitangaza shindano lenyewe, jina la mchoraji likitajwa, kwa kipindi fulani. Hilo ni haki yao, wanahitaji kukutangaza. Kukiwa na ahadi ya kuchapisha kitabu cha mshindi, kunapaswa kuwe na mkataba tofauti, na hapo uliza kama fedha ya zawadi ni zawadi au ni malipo ya awali yatakayokatwa kwenye mrabaha wako, yaani fungu lako la mauzo ya kitabu. Nimeona watu wakisherehekea fedha ambayo baadaye ilikatwa yote.

Wakati mwingine kifungu kibaya ni uzembe tu. Mtu amenakili masharti ya shindano la picha za simu. Waandikie, kwa adabu na kwa ufupi: "Naomba kufahamu: je, hakimiliki ya kazi zisizochaguliwa inabaki kwa mchoraji? Na matumizi ya kazi za washindi yana mipaka gani?" Jibu likiwa la maandishi na linaeleweka, lihifadhi, ingia. Wakikaa kimya au wakikujibu kwa kupiga chenga, usitume chura. Zaidi ya hapo angalia kama wametaja majina ya majaji, kama washindi wa miaka iliyopita wanaonekana na vitabu vyao vipo, na ada ni ya nini. Ada yenyewe si dhambi. Ila kukiwa na ada ya kuingia, halafu kila aliyeingia "anachaguliwa", halafu anauziwa katalogi yenye picha yake, hiyo ni biashara ya katalogi.

Ukiamua kutoingia hili, hujapoteza kazi. Njia nyingine zipo, ila ujue kila mlango unataka nini. Tuzo ya Biennale ya Bratislava, Slovakia, iliyoanza 1967 na kufanyika kila baada ya miaka miwili, hutazama vielelezo vya vitabu vilivyokwisha kuchapwa. Tuzo ya Hans Christian Andersen, ambayo wachoraji walianza kupewa mwaka 1966, haiombwi: matawi ya kitaifa ya IBBY, shirika la kimataifa la vitabu vya watoto na vijana, ndiyo yanayopendekeza, na hutolewa kwa kazi ya maisha. Wewe hapo ulipo una milango miwili: mashindano yanayopokea kazi ambazo hazijachapishwa, na mchapishaji moja kwa moja. Mchapishaji ana faida ya kukujibu kuhusu kitabu badala ya picha; ubaya wake ni kwamba anaweza kukaa miezi bila kusema lolote. Shindano lina tarehe ya mwisho, na kwa mtu mwenye ajira ya mchana tarehe ndiyo humfanya amalize. Ningekuwa wewe ningechora hizo tano kwa wiki sita hizi vyovyote iwavyo, na kuamua mahali pa kuzipeleka baada ya kupata jibu la waandaaji. Ila usiziweke zote mtandaoni kwa sasa. Kwa baadhi ya mashindano kufanya hivyo ni kuchapisha, na utakuwa umejiondoa mwenyewe.

Usipochaguliwa, usiisome kama hukumu juu ya mkono wako. Nimekaa kwenye meza ya majaji. Fungu zuri huondoka kwa sababu lingine lenye vyura lilishapita asubuhi.

Kuna mambo ambayo mimi sifai kuyamaliza kutoka mbali. Ukishinda na kuletewa mkataba, usitie saini ukiwa na furaha. Kaa na mwanasheria anayejua hakimiliki, au chama cha wasanii au waandishi kilicho karibu nawe. Wengine huwasomea wanachama mikataba. Kabla ya kutuma faili, mwone fundi wa uchapaji akuchapie picha moja ya majaribio, uione kwa macho yako ikiwa wino. Na umeandika pembeni kwamba vidole vinakufa ganzi usiku: gumba na viwili vinavyofuata. Hilo mpelekee daktari wiki hii. Mshipa wa fahamu ukibanwa kwenye kifundo cha mkono, kuupuuza hadi shindano liishe kunaweza kukugharimu mkono wenyewe.

Nimebakiza jambo moja. Nilihesabu madoa mgongoni mwa chura wako. Picha ya kwanza ni sita, ya tano ni manane, ya kumi ni sita tena lakini upande wa kulia yamehama. Wewe hukuona, jaji pengine hataona, mtoto wa miaka mitano ataona siku ya kwanza na hatakusamehe. Tengeneza karatasi moja ya chura tu: mbele, nyuma, ubavu, amekaa, anaruka, analia, na kipimo cha kichwa chake kwa mwili. Amua idadi ya madoa, iandike kwa kalamu nyekundu, ibandike juu ya meza yako kabla hujagusa picha nyingine yoyote.